Mwanga Uliobaki Darini

Saa nne asubuhi mchoraji alikuwa amemaliza tundu la tano, anaanza la sita. Kazi yenyewe ilitaka subira. Programu ya kuchorea majengo, ukiweka dirisha kwenye paa lililoinama, hutoboa bati yenyewe bila kuulizwa, lakini dari iliyo chini haiigusi, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na nusu ya vitu. Dari unaitoboa mwenyewe: unaunda umbo tupu lenye mshazari, ukingo wa juu umelala kama meza, wa chini umesimama wima, kisha unaliondoa. Ukikosea pembe, mwanga unajigonga ukutani na kufia humo. Ukipatia, unashuka ukitanuka kama sketi ya marinda.

Alitaka kupatia. Ukumbi mpya aliokuwa akiuchora ulikuwa wa kiwanda cha nguo, na dada yake mkubwa alikuwa mshonaji hapo, mwaka wa tisa sasa, uzi mweusi juu ya shati jeusi, kwenye giza la ukumbi wa zamani. Siku hizi aliomba wenzake wamtungie sindano. Daktari alikuwa amemwambia dawa yake ni mwanga, basi.

Msanifu, bosi wa mchoraji, alikuja na kikombe cha chai akasimama nyuma ya kiti.

"Kazi safi, binti. Sasa ziba."

"Nizibe nini, bosi?"

"Dari. Madirisha yaache huko juu yapendeze. Mkaguzi anahesabu ya kwenye paa tu. Hapandi ngazi, ana goti bovu."

"Na washonaji?"

"Meneja wa kiwanda anasema mtu akiona jua linavyosogea, anajua saa ya kutoka imefika. Anaanza kuutazama mlango."

"Si saa ya kutoka imeandikwa kwenye mkataba?"

"Binti, wewe mchoraji au wakili?"

Akaziba. Wanasema mnyonge hana haki. Anayesema hivyo mara nyingi ndiye aliyeichukua.

Jengo likaisha. Mkaguzi alisimama barabarani, akahesabu madirisha sita, akagonga muhuri.

Kila asubuhi mwanga uliingia kwa madirisha hayo, ukakuta dari imezibwa, na kwa kuwa haukuwa na pa kwenda, ukakaa. Kesho yake ukaja mwingine, ukakaa juu ya ule wa jana. Mwezi wa tatu dari ilianza kubonyea. Wa nne ikavuja. Tone la kwanza lilimdondokea dada mtu begani, la vuguvugu, na washonaji wakasogeza ndoo kama wafanyavyo penye bati bovu.

"Mbona hili zito?" aliuliza jirani yake wa mashine.

"La Jumapili hilo, shoga. Limepumzika."

Wiki nzima walishonea kando ya ndoo. Wiki hiyo dada mtu alitunga sindano mwenyewe mara kumi na moja, na kila mara alimwonyesha jirani.

Meneja alipopata habari hakushangaa. Alichukia tu kwamba hakuambiwa mapema. Akamwita fundi bomba, na mchoraji akaletewa kazi: bomba la mteremko kutoka darini hadi ofisi ya meneja, na koki juu ya meza.

"Bosi, si rahisi kutoboa dari tu?"

"Rahisi ni rahisi. Nani kaomba rahisi?"

Alilichora bomba akibonyeza vitufe kwa nguvu, hata kimoja kikaruka kikaanguka chini ya kabati. Hakukifuata.

Ofisi ya meneja ilikuwa na madirisha mawili makubwa. Mwanga wa koki alinawia mikono kabla ya chakula.

Kisha likabandikwa tangazo: mwanga ni mali ya kiwanda. Getini washonaji walikung'uta mifuko ya aproni na kuvua viatu, mlinzi akikagua nyayo. Siku ya Alhamisi alifungua chupa ya chai ya dada mtu, ikammulika hadi akaandika jina lake huku amefumba macho. Kiungo kimoja cha bomba kilivuja juu ya mashine ya dada mtu, naye alikuwa amekinga tone kwa tone tangu Jumatatu.

Barua ya kumfukuza ilikuja siku hiyohiyo. Aliporudi nyumbani alimpa mdogo wake, kwa kuwa herufi kwake zilikuwa mchanga mtupu.

"Nisomee, mdogo wangu."

Mchoraji alisoma kama anayetafuna misumari. Umeachishwa kazi kwa wizi wa mwanga wa kiwanda, uliokutwa kwenye chupa.

"Wameandika kiasi gani?"

"Nusu chupa, dada."

"Waongo wakubwa hao," dada mtu alisema. "Ilijaa mpaka kwenye kifuniko."