Madini ya Ng'ombe Kwenye Uji

Sijawahi kumpenda mkamwana wangu Atuganile, na sioni haya kusema. Mabinti wa wafugaji wenzetu wamejaa hapa Usangu, lakini mwanangu Mwigulu akaenda kuniletea Mnyakyusa wa Tukuyu anayeendesha maisha kwa kadi ya kliniki.

Mwaka jana mjukuu wangu Veronika, wa miaka miwili, aliharisha mpaka akabaki macho tu. Zahanati hapa Chimala wakampa vidonge vya zinki. Siku ya tano akaanza kula, siku ya kumi mashavu yakaanza kurudi. Siku ya kumi na moja mama yake akaacha kumpa.

"Mama, nesi alisema siku kumi," akaniambia.

"Mtoto ndio kwanza anaanza kunenepa, wewe unaacha?"

"Ni dawa ya kuharisha, mama. Si ya kunenepesha."

Nimenenepesha madume ya mnada tangu yeye hajazaliwa, halafu anifundishe unene. Zizini kwangu kuna mfuko wa madini ya ng'ombe, ubavuni umeandikwa zinki na vitamini. Dume lililokonda likilamba ule unga miezi miwili, nundu inasimama na wanunuzi wanagombana. Zinki ni zinki, nikajiambia. Basi kila Atuganile alipokwenda kwenye majaruba ya mpunga, mimi nilikoroga uji wa mjukuu wangu na kutia unga kidogo. Alinenepa kweli. Nikatamba kwa majirani kwamba sasa mtoto amepata mtu wa kumlea.

Mwezi wa nne wa kumtilia unga, akapauka. Viganja vikawa vyeupe, wenzake wakicheza yeye amekaa chini. Nikaongeza kipimo. Mama yake nikamsema asubuhi na jioni: hujui kulea, unapenda mpunga kuliko mtoto.

Tukampeleka hospitali Mbeya, nimempakata mimi. Daktari, mama mmoja anayeitwa Faustina, alisoma majibu ya damu akakunja uso.

"Zinki imezidi sana kwa huyu mtoto. Mmempa muda gani?"

"Siku kumi, kama nilivyoelekezwa," Atuganile akasema.

"Haiwezekani. Mama wa mtoto ni wewe. Ukinificha, nitaita ustawi wa jamii, na mtoto ataendelea kuishiwa damu mimi sijui hiyo zinki inatoka wapi."

Miaka mitatu nilisubiri mtu wa koti jeupe amkaripie yule mwanamke. Siku ilipofika nilifurahi, sidanganyi. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikamsikia mtoto mapajani pangu, mwepesi kuliko mwezi uliopita, akihema kama aliyepanda mlima.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimtilia madini ya ng'ombe kwenye uji."

"Kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa ncha za vidole. Halafu nikasema kweli yote, kwamba siku hizi ni kijiko.

Daktari hakupandisha sauti. Alisema zinki na vitamini humsaidia mtoto aliyepungukiwa, hata zile seli za mwili zinazotunza mafuta zikakua sawasawa. Akishatosheka, kumwongezea hakumnenepeshi. Mashavu niliyojivunia yaliletwa na chakula na kupona. Unga wangu uliizuia shaba iliyomo kwenye chakula isiingie mwilini, na shaba ikikosekana damu inapungua.

"Mkiacha leo na akitumia dawa nitakayompa, atapona," akasema.

Atuganile akasimama, akamchukua mtoto mapajani pangu.

"Nashukuru umesema, mama," akaniambia, macho yake kwa daktari. "Ila mwanangu hatakula tena mkononi mwako."

Veronika akaninyooshea mikono, akilia anataka kurudi kwangu, maana ni mimi niliyezoea kumlisha. Mama yake akamgeuzia begani, akatoka naye.