Mchanga wa Chumba cha Mtoto

Nesi alimkataza Shamsia, mwenye mimba ya miezi saba, kugusa kinyesi cha paka, basi mumewe Walid akajitwika ualimu. Alijaza beseni mchanga, akawa anampeleka humo paka wao mdogo kila alipomaliza kula. Siku ya nne paka akafuzu. Walid akatamba Bagamoyo nzima: "Huyo mtoto anayekuja ataniweza wapi!"

Wiki hiyohiyo lori likamwaga uani mchanga wa plasta ya chumba cha mtoto. Paka akalisusa beseni, akahamia kwenye neema. Walid akaona beseni safi na nyumba haina uchafu, akajisifu zaidi.

Fundi alipomaliza kupiga plasta kwa mchanga huo, Shamsia aliingia chumbani humo, akatoka ameziba pua.

"Hongera, mwalimu," alisema. "Mwanafunzi wako amefaulu mpaka ukutani."