Faili la Marlys

Siku Bi Stauffer alipokuja kukagua masomo ya watoto wa Orrin Hostetter, Orrin alikuwa amepiga deki jiko mara mbili tangu alfajiri, kana kwamba sheria ya Pennsylvania inauliza habari za sakafu. Haiulizi. Inataka siku mia na themanini za masomo, faili la kazi za kila mtoto, na mkaguzi mwenye cheti aketi na mtoto huyo, amsikilize, kisha atie sahihi kabla Juni haijaisha. Asipotia sahihi barua huandikwa, na baada ya barua huja basi la njano la shule.

Miaka sita mambo hayo yalikuwa mikononi mwa mkewe, Marlys. Ndiye aliyewafundisha wasichana wao wawili, Clarice na Dinah, pale pale kwenye meza ya jikoni, kati ya chai ya asubuhi na viazi vya mchana. Kazi ya Orrin ilikuwa kutengeneza mabomba na matanuri ya kupashia nyumba joto. Habari za shule ya mkewe alizijua kijuujuu tu: ipo, inakwenda, haivuji.

Vuli iliyopita Marlys aliugua ule ugonjwa ambao hata madaktari huutaja wakiangalia pembeni. Alipoona mambo yanaharibika, aliomba faili kubwa la buluu lenye pete tatu, akaanza kuandika masomo ya siku zijazo, kila siku ukurasa wake. Aliandika akiwa na nguvu na aliandika alipokuwa hana. Januari, siku mbili kabla ya kufa, alimshika Orrin kifundo cha mkono.

"Usiwakimbize watoto shuleni kwa sababu mimi nimekufa," alisema. "Fuata faili. Likiisha, utaona la kufanya."

Clarice, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Alisikia kila neno.

Basi Orrin akafuata faili. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alilikuta mezani limeshafunuliwa kwenye ukurasa wa siku hiyo, akasoma kwa sauti vichwa vya masomo tu, maswali ya chini akimwachia Clarice. Dinah, soma sura ya nne. Clarice, kuzidisha sehemu, kurasa mbili. Kisha aliwabusu vichwani na kwenda kazini. Hakuwahi kufunua mbele hata mara moja. Mwanamume aliyezoea kuingiza mkono kwenye tanuri bovu bila kupepesa jicho aliogopa kufunua karatasi, kwa sababu alijua mahali fulani mle ndani maneno ya Marlys yangekoma, na siku hiyo atakuwa amemzika mara ya pili.

Mchana alipita kuwaangalia mara moja moja dada yake Orrin, Gretta, aliyekaa ng'ambo ya barabara na ambaye hakuwa na haja ya kuulizwa ndipo atoe maoni.

"Basi linasimama hapo mlangoni, Orrin. Hapo! Mtoto anaweza kulipanda na ndara."

"Faili bado halijaisha."

"Faili gani hilo? Marlys aliliandika au analiandika bado?" Kisha akaona amevuka mpaka, akapunguza sauti. "Clarice hana rafiki hata mmoja, kaka. Jana ameniuliza bei ya siagi. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Anaongea kama mjane."

"Na Dinah je? Umesahau tulipomjaribu shuleni, darasa la kwanza, alivyorudi analia kila siku? Watoto ishirini na sita, mwalimu mmoja, wakamwambia mama yake kichwa chake kizito. Sasa ana miaka saba, anasoma mpaka maandishi ya kwenye boksi la unga."

Gretta alivuka barabara kurudi kwake, maana hilo nalo lilikuwa kweli. Ubaya wa ugomvi wao ni kwamba wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana haukuisha.

Siku ya ukaguzi Bi Stauffer aliingia saa nne kamili. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kuanza kukagua watoto wanaosomea nyumbani, na kila Juni alikuwa akiketi kwenye meza hiyo hiyo na Marlys. Alikiangalia kiti cha Marlys, akavuta kingine.

Alianza na Dinah. Dinah alimsomea habari za nyuki kurasa tatu bila kukwama, tena akibadilisha sauti kwa ajili ya malkia. Faili lake lilikuwa limevimba: ramani, majani makavu, hesabu zenye alama za vema, barua aliyomwandikia mwezi.

"Makubwa haya," alisema Bi Stauffer akicheka. "Nani kakufundisha kusoma hivi?"

"Clarice."

"Ni mpango wa Mama," Clarice akadakia upesi. "Mimi namsomea tu mpango wa Mama."

Orrin akamsogezea mgeni faili la buluu. Kifua kilimjaa. "Aliandika mpaka Juni, Bi Stauffer. Na hali ile aliyokuwa nayo."

"Mpaka Juni?" Bi Stauffer alivaa miwani yake, akaanza kufunua polepole huku kidole kikifuata mistari. Alifika mwisho wa Aprili, akasoma kwa sauti. "Dinah, hesabu. Tangawizi anataga mayai matano kwa wiki. Kwa wiki sita atataga mangapi?"

"Thelathini!" Dinah alipaza sauti. "Lakini hakutaga thelathini kweli, alikuwa anamwogopa mbwa wa shangazi."

"Tangawizi ni kuku?"

"Yule mwekundu pale nje. Baba alituletea baada ya Pasaka, ili tuache kulia lia. Jina nilimpa mimi."

Mtoto alilisema kwa furaha tu. Marlys alizikwa Januari, ardhi ikiwa ngumu kwa barafu hata ikabidi waifukue kwa mashine. Hakuwahi kumjua kuku aitwaye Tangawizi.

Alimtazama Clarice. Clarice alikuwa anakwangua tone la nta mezani kwa ukucha, na haliachi.

"Dinah, mwanangu," alisema Bi Stauffer, "nenda kaniangalizie kama huyo Tangawizi ametaga leo. Usikimbie."

Mlango ulipofungwa, Orrin alilivuta faili, akafanya alichokuwa amejizuia kufanya kwa miezi mitano: akafunua kurasa, safari hii kurudi nyuma. Mei. Aprili. Mwisho wa Machi. Herufi zilikuwa zimesimama wima, nadhifu, za mkono wenye afya. Kisha tarehe kumi na moja Machi, na hapo herufi zikalala, zikatetemeka, zikawa za Marlys.

Kusema kweli, aliwahi kuona. Asubuhi moja ya Machi aliona mwandiko umenyooka ghafla, akajiambia kwamba labda siku ile alipoandika hapo maumivu yalikuwa yamepungua. Alitaka sana iwe hivyo, akafumba macho, na kufumba macho huko kulimgharimu mtoto wake. Aliliona hilo sasa na likamwumiza.

"Clarice. Ni wewe?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Alikuwa akimwita hivyo tangu mdogo, akimbembeleza. Leo neno hilo alitamani kulirudisha.

"Mama alisema uamue likiisha." Clarice hakulia. Alisema kama mtu anayesoma kanuni ukutani. "Nikaona basi, lisiishe."

Bi Stauffer alikohoa kidogo. "Nionyeshe faili lako wewe, Clarice."

Lilikuwa jembamba. Karatasi ya mwisho ilikuwa na hesabu tatu za kuzidisha sehemu, ya nne imeanzwa, haikumalizwa. Juu yake: tarehe kumi na moja Machi. Baada ya hapo hakuna kitu, isipokuwa karatasi safi alizoziweka ili faili lisilale.

"Lakini kila jioni nilikuuliza," alisema Orrin. "Kila jioni! Ukaniambia umemaliza."

"Nilikuwa nimemaliza, Baba. Nilikuwa nimemaliza kuandika ya kesho."

Ndipo ikajulikana siku za msichana huyo zilivyokwenda. Asubuhi alimfundisha Dinah. Mchana alipika supu, akasahihisha. Alasiri aliketi chumbani na vitabu vya mama yake, akipanga masomo ya watoto wawili, mmoja akiwa yeye mwenyewe. Alijiandikia hesabu asizozifanya na historia asiyoisoma, kwa sababu Mama asingeacha nafasi tupu kwenye ukurasa.

Bi Stauffer alichukua kalamu, akatia sahihi kwenye cheti cha Dinah. Kisha akaifunika kalamu.

"Cha Clarice sitii sahihi leo."

"Bi Stauffer, tafadhali." Orrin alikuwa ameshasimama. "Mtoto kamfundisha mwenzake kusoma! Hiyo si elimu?"

"Hiyo ni kazi, Orrin. Mimi nimeifanya miaka thelathini na mmoja, najua uzito wake. Na ameifanya vizuri kuliko baadhi ya niliofanya nao." Alimgeukia Clarice. "Nasema kweli, usidhani nakupoza. Lakini nimetumwa kuona wewe umejifunza nini."

"Sasa watanipeleka shule," alisema Clarice, na safari hii sauti ilikatika.

"Leo ni tarehe kumi. Nitarudi thelathini. Kama ni shule au ni nyumbani, sitawaamulia. Nimeona watoto waliokufa moyo darasani, na nimeona waliokufa moyo jikoni kwao. Nimeona waliong'ara huku na huko pia." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Ila huyu hawezi kuwa mwalimu na mwanafunzi na mama wa nyumba. Mtu mzima mwenyewe hawezi."

Clarice aliinuka. Orrin akadhani anakimbilia kulia, akataka kumfuata, lakini msichana alirudi upesi kutoka chumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Matundu matatu ya pete yalikuwa bado pembeni.

"Kulikuwa na nyingine," alisema. "Ya tarehe kumi na mbili. Niliitoa."

Orrin aliikunjua. Hapakuwa na masomo. Mistari ilikuwa inapanda na kushuka, kalamu ikiwa imekandamizwa mahali na kupotea mahali.

Orrin, nimefika hapa. Usiamue peke yako. Muulize Clarice anataka nini.

Aliisoma mara mbili. Akaiweka mezani taratibu, akailainisha kwa kiganja, huku machozi yakimdondoka bila yeye kuyafuta. Kumbe Marlys hakumwachia jibu. Alimwachia swali, na mtoto akalificha miezi mitatu chini ya godoro.

"Kwa nini, Clarice?"

"Niliogopa utaniuliza."

Mlango ulifunguliwa. Dinah aliingia akiwa ameshika yai kwa mikono miwili, akamkuta baba yake analia, akasimama hapo hapo. Bi Stauffer alimpa ishara aje kwake, akamkalisha pajani ingawa alikuwa mkubwa kwa kupakatwa.

Orrin alipiga magoti mbele ya binti yake, kama anavyopiga mbele ya tanuri asilojua limeharibika wapi. Alikuwa tayari kwa lolote. Akisema shule, kesho atakwenda kumwandikisha, na Gretta acheke wiki nzima. Akisema nyumbani, ataacha kazi za mchana.

"Sasa nakuuliza. Unataka nini?"

Clarice alimtazama Dinah, akatazama faili la buluu, akatazama kiti kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu Januari. Uso wote ukawa wa mtoto mdogo, mdogo kuliko Dinah.

"Nataka na mimi mtu anifundishe."

Orrin alinyanyuka. Alivuta kiti cha Marlys, akakikalia. Hesabu za sehemu hakuzigusa tangu shuleni, isipokuwa zile za mabomba, nusu inchi na robo tatu.

"Uliishia wapi?" aliuliza.

Clarice alichomoa karatasi yake ya tarehe kumi na moja Machi, akaiweka kati yao, kwenye ile hesabu ya nne.