Petali ya Tano

Siku ya mwisho ya majaribio, Msimamizi alimwekea mwanagenzi karatasi tisa zilizobandikwa maua makavu, ya zambarau na ya buluu.

"Tenga yale ya ukoo wa haradali. Ukikosea hata moja, kazi anapewa mwingine."

Mwanagenzi alizijua dalili kama anavyojua vidole vyake: petali nne zilizokaa msalaba, nyuzi sita za chavua, nne ndefu, mbili fupi. Alichungulia kwa kioo cha kukuzia hadi jicho likatokwa na machozi. Nane zikamnyookea. Ya tisa ikamtatiza. Lilikuwa ua la zambarau lenye petali nne, na lebo ilisema haradali, lakini limekaa upande kidogo, kama mtu mwenye siri. Tena mwandiko ulikuwa wa shangazi yake, mtunzaji wa ghala lile la mimea mikavu, ambaye sasa alikaa meza ya pili akijifanya hana habari.

"Unahangaika nini, bibie?" akachokoza Bwana Gundi, fundi wa kubandika. "Lebo si hiyo?"

"Lebo haina petali, kaka."

Alilichomoa ua hilo kwa kibanio, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto kilichokuwa mezani, maana ua kavu halisemi mpaka lilainike. Likafunguka taratibu kama ngumi ya mtoto aliyelala. Akahesabu nyuzi: tano. Akaligeuza. Pembeni palikuwa na kovu, palipong'oka petali ya tano.

Akinyamaza, amekosea moja, na kazi imekwenda. Akisema, anamwumbua shangazi mbele za watu.

"Shangazi, nisamehe. Hili si la haradali."

Bwana Gundi akasahau brashi hewani. Shangazi akaja, akainamia kikombe, akahesabu, akarudia kuhesabu. Kisha akaangua kicheko hadi miwani ikamtelezea puani.

"Yarabi! Miaka ishirini nalea mtoto wa watu nikimwita wangu!"

Mwanagenzi akashika kifutio.

"Wee! Lebo ya zamani haifutwi," shangazi akamkemea. "Kosa langu libaki lionekane. Andika yako, ubandike pembeni, na jina lako chini."

Aliandika, akabandika. Msimamizi akaisoma lebo mpya, akakitazama kikombe, akakunja uso.

"Kesho uje na kikombe chako," akasema. "Hicho ni changu cha chai."