Kengele ya Wajane

Godelieve aliingia jumba la manispaa kama mtalii, maana njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa. Dirisha la malalamiko lilimwambia aombe miadi mtandaoni, na mtandao ukamwambia hatambuliki. Jumatatu wangekuja kumtoa kwenye nyumba ya manispaa aliyoingia akiwa bi harusi, pale ukingoni mwa mfereji, ili igeuzwe hoteli. Alitaka kitu kimoja tu: diwani anayesimamia nyumba za manispaa, Bwana Verstuyft, amsikilize uso kwa uso kabla ya siku hiyo.

Mlangoni walimvalisha viatu vya kitambaa juu ya viatu vyake vilivyolowa mvua, asije akachafua sakafu. Akawafuata wageni, akisoma jina lililoandikwa kwenye kila mlango.

Kwenye ukumbi wa baraza, Joris, kijana aliyewatembeza, alisimama chini ya kengele ya shaba.

"Hii ndiyo Kengele ya Wajane. Zamani mjane akionewa, alikuja kuivuta kamba hii, na madiwani wote walilazimika kusimama, kofia mkononi, mpaka amalize kusema. Nani atatuigizia mjane?"

"Mimi," alisema Godelieve. "Wala siigizi."

Watu wakacheka. Joris akamtupia shali nyeusi mabegani. "Haya mama, tutoe machozi!"

Godelieve akavuta kamba. Kengele ikayumba bila sauti.

"Ulimi wake tuliutoa," Joris akamnong'oneza. "Ilikuwa inawasumbua wa ofisi za juu. We anza tu."

Akaanza. Alitaja jina lake na mtaa wake. Alisema mumewe, Achiel, alifia kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile, na kwamba wanakotaka kumpeleka ni ghorofa ya sita, lifti mbovu, naye goti halimbebi. "Nimezeekea pale. Nimewakosea nini?" Sauti ilimkatika mbele ya wageni wale. Aliona aibu, kisha hasira ikaishinda aibu.

Makofi yakalipuka. Mlangoni alisimama mwanamume mnene, kikombe cha kahawa mkononi. Godelieve aliijua sura ile kutoka kwenye mabango ya uchaguzi.

"Bwana Verstuyft!"

Diwani akaweka kikombe dirishani, apate kupiga makofi vizuri. "Safi sana, mama! Joris, huyu umemtoa wapi? Yule wa mwaka jana alikuwa hovyo kabisa."

"Ni kweli tupu, bwana. Jumatatu wanakuja..."

"Hivyo hivyo! Usibadilishe hata neno." Akachukua kahawa yake, akapanda ngazi.

Godelieve akamkimbilia, lakini viatu vya kitambaa vikateleza, na Joris akamdaka mkono.

"Juu watalii hawaruhusiwi, mama. Naomba shali, kundi lingine linasubiri." Akaitoa shali mabegani mwake. "Jumatatu una nafasi? Tungefurahi kuwa nawe tena."

Godelieve akarudi kwenye kamba. Akaivuta, akaivuta tena kwa nguvu zake zote, na wageni wakanyanyua simu zao kumpiga picha.