Saini ya Radi ni Ipi?

Kitendawili! Usijifanye hujasikia, itika "tega". Haya. Mama kaondoka nyumbani na mimba. Hana miguu, wala njia haijui. Huko alikokwenda akazaa, mtoto akarudi nyumbani peke yake, na mama hakuonekana tena. Nani huyo?

Usiseme kuku. Kila mtu husema kuku. Umeshindwa? Basi nipe mji, na usinipe wenye vumbi. Nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni bahasha: bahasha iliyobeba bahasha nyingine tumboni. Na kama ungekuwa umewahi kusukwa nywele na Mama Bahasha, ungejibu kabla sijafika kwenye mimba, maana mchezo huo ndio uliompa jina.

Mama Bahasha alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na viti viwili vya wateja, kioo kirefu chenye ufa pembeni, kabati la mafuta na vitana, na juu ya kabati, pale ambapo wasusi wenzake huweka picha za mitindo, yeye aliweka albamu. Ndani yake walikaa waigizaji wa jukwaani, wafalme na walevi, mabibi harusi na wezi wa mifugo, kila mmoja ndani ya nguo za mchezo wake, na kila mmoja ameisaini picha yake. Wote aliwapata kwa posta.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza hununua picha ya mwigizaji kwenye dirisha la tiketi la ukumbi wa maigizo. Halafu huandika barua fupi, kwa sababu, alisema, mtu mwenye kazi akiona barua ndefu huiweka ya kesho, na kesho haijawahi kufika. Nyuma ya picha huweka kadibodi isije ikakunjika. Kisha ile bahasha ya pili, iliyokwisha kubandikwa stempu na kuandikwa anwani yake mwenyewe, ili mwigizaji asipate kisingizio. Hulamba gundi, hubana, hupeleka. Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kutamu. Siku tarishi anapotokea mlangoni na bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe, mteja huachwa kitini na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama mtu aliyekutana na fisi.

"Samahani, mwanangu, nimepata mgeni," humwambia mteja, naye yuko dirishani tayari.

Hayo mambo ya dirishani yalikuwa ya wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa karani wa benki, na kazi yake ilikuwa kulinganisha saini za watu wanaokuja kuchukua fedha zao. Karani, ndivyo mtaa ulivyomwita, alikuwa na albamu yake pia, na mlango wake ulitazamana na wa Mama Bahasha, hatua chache tu za uani. Ndiye aliyemfundisha wifi yake kupima. Kwanza geuza picha, pitisha kidole nyuma: kalamu ya kweli huacha mfereji, ya mashine haiachi. Pili, isome kichwa chini miguu juu, jicho lisidanganywe na jina. Tatu, weka mbili pamoja kwenye kioo cha dirisha, jua lipite.

"Zikifanana kama mapacha, huo ni muhuri," Karani alikuwa akisema. "Zikichukiana kama wake wenza, mmoja ni mwizi. Saini za kweli ni ndugu, wifi. Pua moja, mwendo mbalimbali."

Sasa, katika albamu ya Mama Bahasha palikuwa na picha moja iliyokaa ukurasa wake peke yake. Ilikuwa ya mwigizaji ambaye watu walimwita Radi, kwa sababu akifungua kinywa jukwaani, waliosinzia viti vya nyuma huamka wakidhani nyumba inaanguka. Pale pichani alikuwa malkia, kidevu juu, na saini ilipita kifuani mwake toka bega hadi bega, yenye mikia na vitanzi kama kilemba kilichofunguka. Picha hiyo ndiyo iliyoanzisha albamu nzima. Mama Bahasha aliipenda mpaka mumewe alilalamika kwamba hajawahi kutazamwa hivyo.

Siku moja Karani akavuka ua mbio, viatu mkononi, miwani imepanda kwenye nywele.

"Wifi! Wifi wee! Nimempata!"

"Nani?"

"Radi! Na mimi nimempata!"

Mteja akaachwa kitini. Wakakimbilia dirishani wakigongana mabega. Ya Karani ilikuwa picha ya Radi akiwa dobi, mgongo umepinda juu ya beseni la kufulia. Na saini? Kijisaini kidogo, kimejibana pembeni kwenye kona ya chini, kinatetemeka, kama kinaomba radhi kwa kuchukua nafasi. Wakaweka malkia na dobi pamoja kwenye kioo.

Karani akashusha miwani machoni.

"Wake wenza hawa," Karani akasema polepole.

"Yako imesainiwa na mpishi wake," akasema Mama Bahasha.

"Yangu imetoka juzi, wino bado unanukia! Yako ndiyo ya mpishi. Mtu gani anasaini kama anafagia uwanja?"

"Malkia!"

"Malkia wa wapi? Pole, wifi yangu, miaka yote hii umelala na picha ya tapeli."

"Na wewe umepokea saini ya kuku aliyekanyaga wino!"

Mteja akacheka mpaka kitana kikamdondoka kichwani. Ndipo Karani, ambaye hakuzoea kuchekwa mbele ya watu, akasema maneno ambayo hata yeye yalimshtua: "Tuwekeane. Ambaye yake si saini ya Radi mwenyewe, amkabidhi mwenzake albamu. Nzima."

Mama Bahasha alitupa jicho juu ya kabati. Albamu nzima! Lakini mdomo wake haukuwahi kungoja moyo. "Tumewekeana," akasema.

Wakamwita mume wa Mama Bahasha awe shahidi. Alitoka chumbani na taulo shingoni, akawatazama mmoja mmoja. "Huyu nimemuoa, huyu nimezaliwa naye," akasema. "Mimi simo." Akarudi ndani.

Ilibidi wapate picha ya tatu ya kuamua. Wakanunua ya Radi akiwa daktari, koti jeupe na kifaa cha kupimia moyo shingoni. Barua waliiandika pamoja, huyu anasema, huyu anafuta, wakabaki na maneno machache: *Mama mpendwa, tunazo saini zako mbili na hazijuani. Tafadhali tusainie na hii, utuambie: saini yako mwenyewe ni ipi?*

Siku zile, tarishi alisalimiwa kuliko mkwe. Kila akikata kona, wanawake wawili walikuwa wamekwisha kusimama, mmoja ana povu la shampuu mkononi, mwingine amechelewa kazini. Hatimaye akainua bahasha juu kabla hajafika. "Leo ipo! Msinivunje mkono!"

Waliifungua kwa kisu cha mkate. Barua ya kuwajibu haikuwemo. Ilikuwa picha tu, na juu ya koti jeupe mstari mmoja uliorukaruka kama mjusi aliyemwagiwa maji: herufi ya kwanza ilikuwepo, zilizobaki zilikimbia.

Haikufanana na malkia. Haikufanana na dobi.

"Huyu mama," Karani akasema kwa sauti ya msiba, "ana ofisi nzima ya kumsainia."

Mama Bahasha akapitisha kidole nyuma ya picha. Mfereji ulikuwepo, wa kina, wa mtu mwenye haraka. Akaurudia wa malkia: upo. Wa dobi: hafifu, lakini upo. Watu watatu? Hakuamini. Lakini kutoamini si ushahidi, na albamu yake ilikuwa rehani.

"Asaini mbele ya macho yetu," akasema. "Radi anacheza hapa Jumamosi mchana, halafu kundi lao linaondoka na haijulikani litarudi lini. Twende."

"Kwa mwigizaji? Ana kwa ana?" Karani alishika kifua. Kwa watu wa posta kama wao, jambo hilo lilikuwa kama kumfuata samaki ndani ya maji.

Jumamosi wakaenda, wamevaa nguo walizokuwa wakiziweka kwa ajili ya harusi, albamu mbili kwapani. Mchezo waliuona kwa nusu jicho, kila Radi akiinua mkono, Karani alinong'ona, "Wa kulia! Anatumia wa kulia!" na watu wa mbele wakageuka kuwanyamazisha. Pazia lilipofungwa hawakupiga hata makofi. Walizunguka nyuma ya ukumbi, wakapita mlango wa mizigo na ujia mwembamba uliojaa matenga ya nguo, wakafika kwenye chumba kilichonukia poda na jasho. Mawigi yalikuwa yamepangwa juu ya vichwa vya mbao. Mama Bahasha, pamoja na hofu yake yote, hakuweza kujizuia kulinyoosha moja lililokuwa limesukwa vibaya.

"Liache hivyo hivyo, ni la mchawi," sauti ikasema, na kioo cha meza kikatetemeka.

Alikuwa ndiye. Mfupi! Kijimama kidogo, kimekaa kwenye kiti, miguu inaning'inia.

"Shikamoo, mama," wote wawili wakasema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmeleta nini?"

Karani akatoa picha ya nne, mpya, ambayo waliinunua mlangoni: Radi akiwa mtoto wa shule, soksi moja juu, moja chini, ingawa alipocheza mchezo huo alikuwa na wajukuu. "Tusainie, mama. Tafadhali. Hapa hapa, tukiona."

Radi akachukua kalamu. Lakini hakusaini. Aliitazama picha kwanza, akaitazama sana. Mabega yakapanda taratibu mpaka masikioni. Miguu ikaanza kupiga teke chini ya kiti. Ncha ya ulimi ikachungulia pembeni mwa mdomo, kalamu ikakamatwa kwa ngumi, na herufi zikaanza kutoka moja moja, nene, za mviringo, zikipanda mlima. Alipomaliza akafuta pua kwa mkono wa nguo, akawaonyesha kwa fahari kama anayetaka alama.

Wifi wawili walitazamana. Mama Bahasha alisikia furaha ikimwingia toka nyayoni.

"Wifi," akasema, "ndiyo maana!"

"Subiri." Karani alikuwa ameshatoa karatasi tupu. Karani ni karani. "Mama, nisaidie. Malkia."

Mgongo wa Radi ukanyooka mpaka akawa mrefu. Alinyoosha mkono pembeni bila kutazama, mpaka Mama Bahasha akagundua kwamba anangojwa, akamwekea kalamu kiganjani kama mtumishi. Mikia, vitanzi, kilemba kilichofunguka. Kisha dobi: mgongo ukapinda, mikono ikafutwa kwanza kwenye sketi isije ikachafua karatasi, na kijisaini kikajibana konani. Kisha daktari, bila hata kuangalia karatasi, huku akimwambia Karani atoe ulimi.

Na Karani akautoa!

Wakaweka karatasi na picha pamoja mbele ya taa za kioo. Malkia kwa malkia: ndugu. Dobi kwa dobi: ndugu. Daktari kwa daktari: pua moja, mwendo mbalimbali. Mama Bahasha alikuwa akirukaruka, amemshika wifi yake mabega, na Radi kitini anacheka radi ya kweli, mawigi yanatikisika juu ya vichwa vya mbao.

"Picha ni ya nani?" Radi akasema. "Ya malkia. Sasa mimi nitaisainije picha ya mwenzangu?"

"Ni za kweli zote!" Mama Bahasha akapiga kelele. "Wifi, zote!"

Lakini Karani alikuwa amesimama, kidole juu, uso wa dirisha la benki umemrudia. "Zote nimezikubali. Ila hatukuwekeana malkia wala dobi, wifi. Tuliwekeana saini ya Radi mwenyewe. Mtu ni mmoja, saini ni moja. Mama, tulikuandikia, hukutujibu. Saini yako mwenyewe ni ipi? Ya kwake, au ya kwangu?"

Mama Bahasha akaikumbatia albamu yake kwa mikono miwili.

Radi alivua wigi, akajitazama kwenye kioo, nywele zake mwenyewe fupi, mvi zimejaa. Akaichukua kalamu, akaisogeza juu ya karatasi, ikaelea hapo bila kugusa. Mlango ukagongwa: "Mama, gari limewashwa! Watu wote wamepanda!" Basi akaiweka kalamu, akabeba mkoba, akatoka, na wao nyuma yake, wakiruka matenga ya nguo, Karani anauliza mgongoni kwake, "Ipi, mama? Mama, ipi?" mpaka nje juani, ambapo basi dogo la kundi lilikuwa likinguruma na vichwa vya wenzake vimejaa madirishani.

Alipanda ngazi ya kwanza, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mzima mwenye haya kidogo.

"Sina, wanangu. Benki wamenirudisha mara nyingi, eti ya leo si ya juzi. Siku hizi naweka dole gumba."