Shamba Lililobaki Tisini na Tisa

Siku ya Jumanne, Rozalia alikuwa akipalilia viazi vyake huko Kilolo wakati mpima ardhi, kijana aitwaye Clement, alipoingia shambani na kifaa chake. Kifaa kikaonyesha tarehe 31 Desemba 1999. Clement akatoka hadi ng'ambo ya mtaro, kikaonyesha ya leo. Akaingia tena, kikarudi kulekule.

"Mama, shamba lako halijavuka mwaka."

"Najua. Viazi hivi nilivipanda Novemba ile, havijakomaa mpaka leo."

"Hati tunatoa kwa mashamba ya mwaka huu tu. Labda uwe na karatasi ya zamani."

Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka ule redio haikuwa na wimbo mwingine: kompyuta zingeshindwa kuhesabu elfu mbili, ndege zingeanguka. Watu walinunua chumvi na mafuta ya taa, kanisani wakajaa hata walevi. Asubuhi ya siku ya mwisho, karani wa ardhi, Sosthenes, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya karatasi za mashamba zenye mhuri wa kijiji, ati azifiche kabla mashine hazijavuruga kumbukumbu. Machale yalimcheza Rozalia. Ofisi ile haikuwa na umeme, sembuse kompyuta! Lakini majirani walitoa, katekista akatoa, naye akatoa. Karatasi hazikurudi. Anajilaumu hadi leo.

Mashamba ya majirani sasa ni msitu wa misindano wa Sosthenes. Kwa Rozalia, miche ya Sosthenes ilipopandwa ilitoweka, kwa kuwa mwaka ule haikuwepo.

Saa nne, kama kila siku, Sosthenes wa mwaka ule akapita shambani, kijana mwenye viatu vipya na begi. Clement akampisha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Nipe karatasi yangu."

Sosthenes akafungua begi bila kinyongo. Rozalia akaiona, ya tatu kutoka juu, ina sahihi ya marehemu mumewe. Aliponyoosha mkono, begi likafungwa.

"Mtarudishiwa Januari," kijana alisema kwa upole, akaenda zake.

Ng'ambo ya mtaro, Sosthenes wa leo, mzee wa mkongojo, alikuwa amekaa kwenye gogo akiwatazama.

"Kasemaje?"

"Januari."

"Basi vuta subira, mama. Yule kijana namfahamu mimi."

Rozalia alimkazia macho mpaka mzee akatazama pembeni. Clement aliandika "Januari" kwenye fomu, kisha akavuka mtaro kwenda kumpimia mzee msitu wake.